Karatasi Hupanda Kinshasa, Maneno Hushuka Kasongo

Bunge la Taifa la Kongo hufunga milango yake mara mbili kwa mwaka. Ndivyo ilivyopanga Katiba ya Februari 18, 2006: kikao cha kwanza huanza Machi 15 na kumalizika Juni 15, cha pili huanza Septemba 15 na kumalizika Desemba 15. Miezi inayobaki huitwa likizo ya bunge, lakini Kanuni za Ndani za Bunge haziihesabu kuwa mapumziko. Mbunge anatakiwa arudi alikochaguliwa, awasikilize watu, ajionee hali yao, kisha aiandikie Ofisi ya Bunge ripoti ya aliyoyakuta. Kwa mbunge wa Kasongo au wa Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, hiyo ni nusu ya mwaka, na ni nusu ya kazi.

Ripoti hiyo ni maandishi. Ina tarehe na saini, aghalabu na picha za daraja lililokatika na darasa lililoezekwa kwa nyasi. Huandikwa kwa Kifaransa na hupelekwa Kinshasa. Mama anayevuka mto kwa miguu kwa sababu ya daraja hilo haioni. Yeye hupewa kitu kingine: mkutano wa hadhara, hotuba ndefu kwa Kiswahili safi, vigelegele, na jioni kila mtu huenda nyumbani na alichokikumbuka. Anayesimuliwa habari za Kasongo huko Kinshasa anapewa karatasi. Mwenye Kasongo yake anapewa maneno. Wabunge wetu husema sana na watu wao, hilo tusiwanyime. Shida ni kwamba wanayoyasema hayaachi kitu mkononi ambacho mtu anaweza kukishika miezi sita baadaye na kuuliza: hili liliishia wapi?

Sheria yenyewe ina utata kidogo. Kifungu cha 101 cha Katiba kinasema mbunge wa taifa analiwakilisha taifa zima, na kwamba kumfunga mbunge kwa maagizo ya waliomchagua ni batili. Maana yake Kasongo haiwezi kumtuma mbunge wake kama mtu anavyomtuma kijana wake sokoni. Akipiga kura kinyume na matakwa ya wilaya yake, hakuna mahakama ya kumshtakia. Lakini Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya habari. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuiandikia mamlaka ya umma ombi rasmi, na mamlaka hiyo inatakiwa ijibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu cha 138 nacho kinataja vyombo vya mbunge vya kuibana serikali: swali la mdomo au la maandishi, swali la mambo ya wakati huo, kumwita waziri ajieleze, tume ya uchunguzi, na mahojiano ndani ya kamati. Ukivisoma vifungu hivyo vinne kwa pamoja, jambo huwa wazi. Mbunge hatakiwi kutii kijiji, ila kijiji kina haki ya kujua ni chombo gani kati ya hivyo alikitumia, lini, na alijibiwa nini. Hotuba za likizo hazitoi jibu la hilo ila kwa nadra sana.

Umbali nao una neno lake. Kutoka Kinshasa hadi Kindu, mji mkuu wa Maniema, mtu huruka kwa ndege. Kutoka Kindu hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 200 za barabara ya udongo ambayo mvua huifanya itakavyo. Reli ya SNCC ipo, lakini hupita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba, kwa Kibombo na Samba, na treni yake haina ratiba ya kutegemewa; ukishuka Samba bado mto unakungoja. Kutoka Kasongo kwenda Kabambare ni safari nyingine ya pikipiki, na Salamabila iko kaskazini mwa wilaya hiyo. Mizigo ya mchele, karanga na mawese ya nchi hii husafirishwa sana na vijana wanaosukuma baiskeli siku kadhaa, gunia juu ya gunia. Likizo ya Desemba huangukia katikati ya mvua. Ile ya Juni huangukia kiangazi, na si ajabu kwamba sura nyingi za waheshimiwa huonekana Julai na Agosti. Mwananchi wa kijiji kilicho kando ya njia humwona mbunge wake akipita. Wa kijiji cha ndani humsikia tu.

Humsikia wapi? Redio kwanza. Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, na redio ndogo za jamii za Kasongo na Kabambare huongeza yao. Kisha ibada. Kasongo ni mji wa Waislamu tangu siku za mfanyabiashara Tippu Tip, na pia ni makao ya dayosisi ya Kikatoliki, kwa hiyo tangazo lililosomwa Ijumaa msikitini na Jumapili parokiani limefika karibu kila nyumba. Halafu simu, panapokuwa na mtandao, na picha zinazozunguka kwenye makundi ya watu wa Maniema walioko Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu. Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba mtu wa Kasongo anayeishi Kinshasa hujua ziara ya mbunge kwa undani kuliko binamu yake aliyeko Kasongo kwenyewe.

Sasa tuangalie kinachosemwa. Anayefuatilia taarifa za wabunge wa Maniema kwa miaka kadhaa hugundua kwamba zina umbo moja. Kuna salamu za Mkuu wa Nchi. Kuna shukrani kwa chama. Kuna orodha ya alichokileta: mabati ya kanisa, saruji ya msikiti, jezi za timu za mpira, vitenge vya akina mama, mashine ya kusaga, pesa za msiba. Kuna orodha ya alichokiomba: alimwona waziri fulani, hapa picha tumeshikana mikono. Mwisho kuna ahadi. Sidharau mabati. Paa linalovuja juu ya watoto ni paa linalovuja, na mwenye kuliziba ametenda wema. Lakini zawadi ni ya mtoaji; akitaka atoe, asipotaka asitoe, na hakuna anayeweza kumdai hesabu. Kazi ya bunge ni ya umma. Taarifa inayojaa zawadi humfundisha mpiga kura kumpima mbunge kwa mfuko wake, na mbunge mwenye mfuko mdogo lakini maswali makali bungeni huonekana hana faida. Huo ni upotofu, na wanaoukuza wanajua.

Mfano ulio wazi zaidi ni Salamabila. Hapo, kwenye mgodi wa Namoya, kampuni ya Banro kutoka Kanada ilianza uzalishaji wa dhahabu wa kibiashara Januari 2016. Kabla yake na wakati wake kulikuwa na wachimbaji wadogo, familia nzima zikiishi kwa sururu na karai, na kilima cha Mwendamboko kilikuwa ugomvi wa miaka: nani achimbe, nani ahamishwe, nani alipwe fidia na kiasi gani. Kundi lenye silaha la Mai-Mai Malaika lilijitwalia ugomvi huo, likadai kusema kwa niaba ya wananchi, likateka watu na kushambulia. Septemba 2019 Banro ilisimamisha kazi Namoya. Wengi walipoteza ajira, biashara ndogondogo za Salamabila zikazorota, na bunduki hazikuondoka pamoja na kampuni.

Jambo hili lina kila kitu ambacho taarifa ya mbunge ingepaswa kubeba, kwa sababu sheria iko wazi. Sheria ya Madini, iliyorekebishwa Machi 9, 2018, inaweka mrabaha wa asilimia 3.5 kwa madini ya thamani kama dhahabu. Mrabaha huo unagawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa chombo cha utawala cha mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Yaani katika kila dola 100 za mrabaha wa Namoya, dola 15 ni za sekta ya Salamabila yenyewe, wala hazihitaji kupitia Kindu. Sheria hiyohiyo inailazimisha kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi, na isaini nazo hati ya makubaliano inayotaja shule gani, kisima gani, kituo gani cha afya, na lini.

Fikiria mbunge wa Kabambare akisimama uwanjani na kusema mambo manne tu. Kwanza, nilimwuliza Waziri wa Madini kwa maandishi kiasi kilicholipwa kwa sekta ya Salamabila tangu sheria mpya, na hii ndiyo tarehe ya swali langu. Pili, alijibu hivi, au hakujibu. Tatu, leseni ya Namoya sasa iko mikononi mwa nani, na hati ya makubaliano na jamii imesainiwa au la. Nne, nakala ya yote haya nimeiacha kwa chifu wa sekta, kwa paroko, kwa imamu na kwa shirika la raia. Hotuba hiyo ingechukua dakika kumi. Isingehitaji mfuko wa saruji hata mmoja. Na ingefanya zaidi kuwatuliza vijana wa Salamabila kuliko mahubiri mengi ya amani, kwa sababu ugomvi wa pale umelishwa miaka yote na tetesi za pesa: zililipwa, hazikulipwa, zililiwa Kindu, zililiwa Kinshasa. Mahali ambapo tarakimu haisemwi, kila mwenye silaha hujitungia ya kwake.

Barabara ni habari ya namna hiyohiyo, ingawa haina damu nyingi. Hakuna mkutano Kasongo usio na kilio cha barabara, na hakuna mbunge asiyeahidi kuifuatilia. Lakini barabara ina anwani zake. Kuna Ofisi ya Barabara inayotengeneza. Kuna FONER, mfuko wa matengenezo ulioundwa mwaka 2008, unaopata fedha zake kwa tozo iliyomo ndani ya bei ya mafuta. Kila anayenunua petroli kwa ajili ya pikipiki yake kati ya Kasongo na Kipaka ameshauchangia. Swali la mbunge basi si "lini barabara?" bali FONER ilipeleka kiasi gani Maniema mwaka jana, kwa vipande gani, na mkandarasi ni nani. Hilo linaulizika. Linajibika. Na likijibiwa, kijana anayesukuma baiskeli anaweza kwenda kwenye kipande kilichotajwa na kuona kama greda lilipita au halikupita.

Kadhalika ule mpango wa maendeleo ya wilaya 145, uliogawiwa mashirika matatu ya utekelezaji, yaani PNUD, BCECO na CFEF, ili kujenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala kila wilaya. Wananchi waliona mabango na kuta zinazopanda. Mahali pengine waliona kuta zilizosimama bila paa. Mbunge anayerudi akiwa na orodha ya majengo yaliyopangiwa wilaya yake, kijiji kwa kijiji, pamoja na jina la shirika linalohusika, amewapa watu kitu cha kukagua. Mbunge anayesema "Mkuu wa Nchi amewajengea" amewapa kitu cha kupigia makofi.

Kuhusu shule nitasema kidogo tu. Elimu ya msingi bila malipo ilianza kutekelezwa Septemba 2019, kwa mujibu wa kifungu cha 43 cha Katiba. Watoto walijaa madarasani. Walimu wengi wapya hawakuingizwa kwenye orodha ya mishahara, na wazazi waliendelea kuchanga chinichini. Kila mbunge wa taifa hupigia kura bajeti inayolipa mishahara hiyo. Kwa hiyo orodha ya shule za Kasongo zenye walimu wasiolipwa ingekuwa ukurasa wa kwanza wa ripoti yake, huko juu na huku chini.

Kwa nini basi mambo hayaendi hivyo? Kuwalaumu watu ni rahisi, na baadhi yao wanastahili. Lakini kuna sababu zilizojengwa ndani ya mfumo, na tusipozitaja tutabaki kuwabadilisha wabunge huku hotuba ikibaki ileile.

Kubwa kuliko zote, kwa kuona kwangu, ni kwamba chini ya mbunge hakuna mtu mwingine aliyechaguliwa. Sheria ya Oktoba 7, 2008 kuhusu vyombo vya utawala vya mahali inasema sekta ziwe na mabaraza yanayochaguliwa na wananchi, yenye uwezo wa kumhoji chifu wa sekta juu ya bajeti yake. Mabaraza hayo hayajawahi kuchaguliwa. Desemba 20, 2023 madiwani wa manispaa walichaguliwa katika baadhi ya maeneo ya mijini tu. Sekta kama Lulindi, Wamaza na Salamabila hazikupata kura hiyo. Matokeo yake mtu wa kijijini mwenye shida ya kisima, ya mpaka wa shamba, ya zahanati isiyo na dawa, hana diwani wa kumwendea. Anamngoja mbunge. Na mbunge, aliyechaguliwa kutunga sheria na kuibana serikali, anajikuta amegeuzwa diwani, mfuko wa rambirambi, na wizara ndogo ya ujenzi. Kwa kuwa hawezi kuyatekeleza yote, anatekeleza yale yanayoonekana kwenye picha.

Tena kuna pesa ambazo hazifiki. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka jimboni ni ya jimbo, nayo ikatwe palepale yanapokusanywa. Tangu 2006 kifungu hicho hakijatekelezwa kama kilivyoandikwa. Majimbo hungoja Kinshasa iyarudishie kinachorudishwa. Mbunge wa jimbo anayekaa Kindu kumdhibiti gavana anadhibiti kasha ambalo ufunguo wake uko kwingine. Wabunge hao wa jimbo ndio walio karibu zaidi na watu, na ndio wasiosikika sana. Maseneta wanne wa Maniema wako mbali zaidi bado, kwa sababu huchaguliwa na Bunge la Jimbo, na raia wa kawaida hana kura ya kuwatishia nayo.

Namna ya uchaguzi nayo huchangia. Wilaya yenye viti zaidi ya kimoja, kama Kasongo, hupeleka watu wa vyama tofauti kwa mpango wa orodha. Daraja likijengwa, kila mmoja ndiye aliyelijenga. Likianguka, hakuna aliyekuwapo. Mbunge akiteuliwa kuwa waziri, msaidizi wake aliyeandikwa naye kwenye karatasi ya kura huketi bungeni badala yake, na tangu marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 mwenye kiti anaweza kukirudia akitoka serikalini. Wananchi hawajui wamdai nani taarifa: aliyechaguliwa au anayekaa.

Hapo ndipo inapofaa kukumbuka kwamba kusini mwa Maniema hakujakosa watu wakubwa. Emmanuel Ramazani Shadary, aliyekuwa mbunge wa Kabambare, aliteuliwa Naibu Waziri Mkuu wa Mambo ya Ndani Desemba 2016 na akagombea urais mwaka 2018. Jimbo zima limetoa waziri mkuu, Augustin Matata Ponyo, kuanzia 2012 hadi 2016, na spika wa Seneti, Alexis Thambwe Mwamba, mwaka 2019. Kuwa na mtoto wa nyumbani juu ya mti si kitu kidogo. Lakini miaka hiyo yote barabara ya Kindu hadi Kasongo ilibaki barabara ya udongo, na hakuna desturi ya taarifa ya maandishi iliyoachwa nyuma. Ukubwa wa mtu na uwazi wa hesabu ni mambo mawili tofauti, na sisi wapiga kura wa Maniema tumezoea kuuliza lile la kwanza.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Kenya iliunda mfuko wa maendeleo ya maeneo ya bunge mwaka 2003, ukipewa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya taifa, na mbunge akawa na shule na zahanati za kuonyesha kwa jina lake. Watu waliupenda. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya mfuko huo inakiuka Katiba, kwa hoja ambayo ingefaa kusikika Kinshasa: anayetakiwa kusimamia matumizi ya serikali asiwe yeye mwenyewe mtumiaji. Tanzania nayo ina mfuko wake mdogo wa kuchochea maendeleo ya jimbo tangu 2009, lakini Januari 2016 matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya bunge kwenye televisheni ya taifa yalisimamishwa, na mwananchi akabaki na mradi bila kuona mjadala.

Uganda ndiyo yenye funzo gumu zaidi. Kuanzia mwaka 2006 taasisi moja ya huko ilitoa alama za kila mbunge: anahudhuria, anazungumza, anauliza, anafika jimboni. Watafiti Macartan Humphreys na Jeremy Weinstein walifuatilia alama hizo hadi uchaguzi wa 2011. Wapiga kura walizipokea, hata wakabadili maoni yao kidogo juu ya wabunge wao, lakini kura hazikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Wengine hutumia matokeo hayo kusema watu wa kijijini hawajali. Mimi nayasoma vingine. Alama ya sabini kwa mia haimgusi mama wa Kabambare, kwa sababu haina kijiji ndani yake. Hawezi kwenda mahali kuithibitisha. Habari inayombadilisha mtu ni ile inayotaja kisima chake. Kongo nasi tuna chombo cha namna hiyo, Talatala ya taasisi ya Ebuteli na Kundi la Utafiti juu ya Kongo, kinachofuatilia miswada na maswali bungeni. Ni kazi nzuri na ya lazima, ila iko Kinshasa na kwa Kifaransa. Mtu wa redio ya Kasongo angeweza kuichukua, akatafuta majina ya wabunge wa wilaya yake, na kuyasoma hewani kwa Kiswahili kila mwisho wa kikao.

Haki itendeke kwa wabunge pia. Mbunge anayefika Salamabila amejitia hatarini. Mbunge wa upinzani anayetaja pesa za mgodi hana hakika ya ulinzi. Swali la maandishi kwa waziri linaweza kukaa bila jibu mpaka kikao kimalizike, na waziri asifanywe lolote. Na tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, mbunge wa mashariki anayeulizia barabara huambiwa nchi iko vitani. Ni kweli iko vitani. Lakini waziri akikaa kimya, hiyo nayo ni habari. Mbunge anayesema "niliuliza Aprili, sijajibiwa hadi leo" ametoa taarifa kamili, na lawama imekwenda inapostahili. Kinachoshangaza ni kwamba wabunge wanaogopa kuonekana wameshindwa kuliko wanavyoogopa kuonekana hawakuuliza.

Wala tusidanganyane kwamba mbunge Mkongomani hajui kuandika. Novemba 1980, chini ya chama kimoja, wabunge 13 walimwandikia Rais Mobutu barua ya kurasa 52 wakimhesabia makosa ya utawala wake. Walifungwa na kufukuzwa, na barua yao ikajulikana sana. Hakuna anayewataka wabunge wa leo wawe mashujaa wa kiasi hicho. Kurasa mbili zingetosha.

Ripoti ya likizo tayari imeandikwa. Tayari ina saini. Kinachotakiwa ni kuitafsiri kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba inaitaja katika kifungu chake cha kwanza kuwa lugha ya taifa, na kuiacha nakala katika ofisi za sekta, redioni, msikitini na parokiani kabla haijapanda ndege kwenda Kinshasa. Gharama yake ni rimu ya karatasi na kazi ya mwalimu mmoja wa sekondari kwa siku mbili. Mbunge akikataa, shirika la raia la Kasongo na la Kabambare lina kifungu cha 27. Liandike ombi, lipeleke kwa Ofisi ya Bunge, liweke tarehe, na lihesabu miezi mitatu. Litake nakala ya ripoti zote za likizo zilizowasilishwa kuhusu wilaya hizo tangu uchaguzi wa Desemba 2023. Na zikija, zisomwe hadharani kwa sauti, mbele ya chifu, hasa ule ukurasa wa Salamabila. Kura inayofuata kwa mujibu wa Katiba ni mwaka 2028.